Kweli au Si Kweli: Matairi ya Kufunga Datsun 240Z

Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mara mbili: mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Tangu hapo jina lake halijatoka midomoni mwa wapenda magari wa Afrika Mashariki, na aliyebahatika kuwa nayo leo hupata washauri wengi kuliko vipuri. Kwenye matairi ndiko ushauri unakozidi. Huyu anakwambia funga mapana, yule anakwambia yoyote yatafaa mradi yaingie. Tuyapime madai yao kwa namba za kiwandani: rimu ya inchi 14 yenye upana wa inchi 4.5, na tairi la 175 R 14.

1. "Radiali ni mambo ya kisasa, gari la zamani halikuundiwa hayo."
SI KWELI. Michelin walisajili hataza ya radiali mwaka 1946, na tairi lao la X likaingia sokoni 1949, miaka 20 kabla ya Z ya kwanza kuonyeshwa Japani. Katika radiali, nyuzi za ndani hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na mkanda imara hulizunguka tairi chini ya uso unaokanyaga barabara. Kwa hiyo ubavu hunesa, lakini uso hubaki umelala kwenye lami hata gari linapokata kona. Herufi R katika 175 R 14 ndiyo radiali yenyewe. Gari hili lilitoka nayo kiwandani.

Dai hili lina mashiko kwa magari yaliyotangulia zaidi, yaliyofungwa matairi ya nyuzi za kukingamana. Mwenye gari la namna hiyo asichanganye aina hizo mbili kwenye ekseli moja, wala asifunge radiali mbele akaacha za kukingamana nyuma. Mkia wa gari utamtoroka kwenye kona.

2. "Tairi likiwa pana hushika zaidi."
SI KWELI kwa rimu hii. Tairi la 195/70 R 14 linataka rimu ya kuanzia inchi 5. Ukilibana kwenye ile ya 4.5, kingo huvutwa ndani, uso hubenuka katikati, na ule upana uliolipia haugusi lami wote. Isitoshe, usukani wa Z hauna pawa, hivyo ziada yoyote ya upana utaisikia mabegani kila unapoegesha. Mvua ikinyesha, tairi jembamba hupasua maji likafika chini, ilhali pana huanza kuelea mapema.

Anayetaka upana kweli aanzie kwenye rimu. Ya inchi 6 huibeba 195/70 bila shida, lakini azungushe usukani kulia na kushoto hadi mwisho, ahakikishe tairi haligusi bodi wala springi.

3. "Mradi ni la inchi 14, saizi yoyote ni sawa."
SI KWELI, na hapa ndipo wengi hupotea. Zamani, tairi lisiloandikwa asilimia lilikuwa na ubavu wenye kimo cha takriban asilimia 80 ya upana. Piga hesabu: asilimia 80 ya milimita 175 ni 140. Ubavu wa juu na wa chini ni 280, ongeza rimu yenye milimita 356, unapata kimo cha 636.

Sasa chukua 195/60 R 14, ambayo ubavu wake ni asilimia 60 ya upana, inayopendwa kwa sura yake ya michezo. Kimo chake ni milimita 590 tu, pungufu kwa asilimia 7. Mita ya spidi itasoma 100 wakati gari liko kwenye 93, injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, na gari lote litashuka milimita 23. Kwa mwenye kukutana na matuta kila siku, hizo ni nyingi.

Ile 195/70 R 14 inafikia 629, tofauti ya asilimia moja. Ukiamua kuhamia rimu za inchi 15, tairi la 195/65 R 15 lina kimo cha milimita 635, karibu sawasawa na la asili, na huwa halina adha kulipata kwa sababu magari mengi ya Toyota aina ya saluni hulitumia.

4. "175 R 14 ya kigari cha mizigo ndiyo hiyohiyo."
NUSU KWELI, na nusu iliyobaki ni ya hatari. Vipimo ni vilevile, ila mwishoni kuna herufi C. Tairi hilo limetengenezwa kubeba mzigo: la kawaida la saizi hiyo huandikwa 88, yaani kilo 560 kwa kila tairi, ilhali la C huweza kuandikwa 99, yaani kilo 775. Ubavu wake ni mgumu, na kikomo chake cha mwendo mara nyingi hakipiti kilometa 170 kwa saa. Gari la michezo lenye uzito wa zaidi kidogo ya tani moja halina uzito wa kulilainisha tairi hilo, kwa hiyo litarukaruka na kushika vibaya. Likiuzwa kwa bei poa, liachie kazi yake.

5. "Herufi ya spidi haina kazi, nani atakimbia hivyo?"
SI KWELI. S ni kilometa 180 kwa saa, T 190, H 210. Z ina uwezo wa kufika karibu 200, kwa hiyo chukua H. Hata usipofika huko, herufi hiyo inaeleza jinsi tairi linavyostahimili joto, na joto ndilo linaloua matairi katika safari ndefu za mchana.

6. "Halijawa kipara, basi ni zima."
SI KWELI. Gari la kutunzwa halitembei sana, hivyo tairi lake huzeeka kabla ya kuisha. Mpira hukauka, ukawa mgumu na kupasuka ubavuni. Tafuta maandishi ya DOT, usome tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tatu tu, hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, liondoe. Michelin hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano, na litolewe likifikisha kumi hata kama linang'aa. Mnunuzi wa tairi la mtumba asome tarakimu hizo kabla ya kuuliza bei.

7. "Jaza upepo ulioandikwa ubavuni."
SI KWELI. Huo ni wa juu kabisa ambao tairi linaruhusu. Fuata kijitabu cha gari, na upime tairi likiwa baridi.

8. "Ukinunua mawili, mapya yafungwe mbele."
SI KWELI. Mapya yaende nyuma. Mbele pakiteleza, gari hupanua kona na dereva hupunguza mwendo akalirudisha. Nyuma pakiteleza, gari hugeuka, na wachache wana mikono ya Mehta.

9. "Mwenye shaka abaki na saizi ya kiwandani."
KWELI. Wahandisi walipanga springi, usukani na gia wakiwa na tairi hilo akilini. Wala huhitaji kuridhika na mpira wa kale: Michelin na Pirelli bado hutengeneza matairi ya magari ya zamani, michoro ikiwa ya enzi hizo na mpira ukiwa wa leo. Ukikosa saizi yako, hakuna ubaya kuhama, ila uhame na kalamu mkononi: upana wa rimu kwanza, kimo pili, halafu uzito na herufi ya spidi, kisha tarehe. Mvuto wa macho upewe nafasi ya mwisho.