Saa ya choo hufungua mlango wa darasa

Leo nazungumzia choo. Najua wengine mko mezani, mniwie radhi. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika mkoa wetu wa Mwanza wapo watoto wanaobaki nyumbani wenzao wakienda shule, kwa sababu ya jambo ambalo hakuna anayetaka kulitaja.

Nawasemea watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Hospitali yetu ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia Kanda ya Ziwa, hufanya upasuaji wa kuufunga mgongo huo. Kidonda kikipona, mama huruhusiwa kurudi nyumbani, pengine Ukerewe, Sengerema au Magu, akidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Mtoto akiwa tumboni, mfereji unaokuwa uti wa mgongo hutakiwa kufunga ndani ya siku 28 za kwanza za mimba. Usipofunga, mishipa ya fahamu ya mahali hapo huharibika, na upasuaji hauirudishi. Mishipa inayotawala utumbo wa chini na njia ya haja kubwa hutokea sehemu ya chini kabisa ya uti huo, kwa hiyo wengi wa watoto hawa huathirika hapo. Mtoto hasikii haja ikija, wala hawezi kuibana. Si mvivu wala mkaidi, na fimbo haitamfundisha kitu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Wanaona choo chepesi kinavuja mchana kutwa, wanasema mtoto anaharisha, wanakwenda duka la dawa kununua dawa ya kufunga tumbo. Mara nyingi ukweli ni kinyume. Choo kigumu kimejazana ndani, na majimaji yanapenya pembeni. Dawa ya kufunga inaongeza balaa. Tena utumbo uliojaa hukandamiza kibofu. Mkojo usiotoka wote huleta maambukizo, na maambukizo yakipanda huharibu figo. Hapo si suala la aibu tena, ni suala la uhai.

Dawa ya kwanza haiuzwi dukani: ni saa. Mtu akila, utumbo mpana huamka na kusukuma. Basi mpe mtoto uji wa asubuhi, halafu baada ya nusu saa hivi mkalishe kwenye poti, miguu ikigusa chini, kwa dakika kama kumi, kila siku saa ileile. Mchekeshe, mwambie akohoe au apulize kiganja, ili tumbo lisaidie kusukuma. Usimwache muda mrefu, kwa maana makalio yake hayasikii maumivu na vidonda huanzia hapo.

Ya pili ni chakula. Ziwa linatupa sato na sangara, lakini samaki hana nyuzinyuzi za kulainisha choo. Ongeza matembele, maharage, ugali wa dona, papai, na maji ya kunywa ya kutosha.

Haya yasipotosha, ipo njia ya kusafisha utumbo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kila siku au siku moja moja. Kiasi hupimwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo nesi au daktari akufundishe kwanza. Maji yawe safi na salama, na uyapime joto kwa mkono wako, maana mtoto hatahisi akiungua. Usitie sabuni wala miti shamba. Mweleze pia nesi kwamba wengi wa watoto hawa hudhuriwa na mpira wa asili, ukiwemo wa glavu. Kwa wale ambao yote hayo yameshindwa, mwaka 1990 daktari Malone wa Uingereza alitangaza upasuaji wa kutumia kidole tumbo kutengeneza kitundu tumboni, ambacho mtoto humimina maji mwenyewe akiwa amekaa chooni.

Mtaniuliza, yote haya ya nini? Utumbo uliosafishwa asubuhi unaweza kumweka mtoto mkavu darasani hadi kengele ya kutoka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma, na ada ya shule za msingi za serikali ilikwishafutwa. Lakini sheria haimbadilishi mtoto nguo. Mwalimu mkuu, mpe choo chenye mlango, maji na mahali pa kujishikilia, na mwalimu mmoja anayejua siri yake. Nawe baba, kazi hii si ya mama peke yake.

Saa haina gharama. Anzeni kesho, baada ya uji.