Saruji Haiponyi Ukuta wa Chokaa

Swali ni lile lile, kutoka Shangani mpaka Malindi: nitumie saruji gani ili plasta ya chini isibanduke tena? Wanaouliza wana nyumba za mawe za Mji Mkongwe, na wengi wao wamekwisha kupiga plasta mara mbili au tatu. Kila mara fundi huwaahidi kuwa safari hii ataongeza saruji na kuchanganya dawa ya kuzuia maji. Jibu langu halijabadilika: hakuna saruji ya kazi hiyo. Unachotaka kukinunua kama dawa ndicho kinachouguza ukuta.

Nikisema hivyo, mazungumzo hurukia kwingine. Huambiwa kuwa sisi watu wa uhifadhi tunataka watu waishi kama enzi za Sayyid Barghash, na kwamba mambo ya kale na ya kisasa hayakai nyumba moja. Yanakaa. Barghash mwenyewe, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya bomba, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib yenye nguzo za chuma mbele ya kuta za mawe na chokaa. Mabati yaliyokuja kufunika mapaa bapa ya zamani yameziokoa nyumba nyingi na masika. Hakuna ukuta uliolalamika. Kinachogombana ukutani mwako si zama mbili. Ni vitu viwili tu: chokaa inayopitisha unyevu, na saruji inayouzuia.

Sasa tuimalize imani hii ya kwamba saruji ni bora kwa sababu ni ngumu. Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Unanyonya maji kutoka ardhini, na huku kwetu maji hayo yana chumvi. Waashi waliojenga walilijua hilo. Plasta ya chokaa waliipaka ili unyevu upate pa kutokea, na plasta ikichoka ipakwe nyingine, ukuta ubaki mzima.

Ukipiga saruji juu yake, maji hayaachi kupanda eti kwa kuwa umeyafungia mlango. Yanapanda juu zaidi, yakitafuta saruji ilipoishia. Ndiyo maana aliyebandika marumaru mpaka kiunoni huanza kuona ukuta ukimenyuka usawa wa kifua. Naye badala ya kushtuka, hudhani marumaru zimefanya kazi na kilichobaki ni kuziongeza mpaka darini. Nyuma ya saruji, maji yanapokauka huacha chumvi, chumvi huganda kuwa fuwele, na fuwele zikikua husukuma.

Bisha ukuta kama huo kwa kifundo cha kidole, utasikia uwazi. Bandua kipande: kinatoka kizima, na mgongoni kimeng'ang'ania vibanzi vya tumbawe. Onja unga mweupe ulio nyuma yake kwa ncha ya ulimi, ni chumvi tupu. Saruji haikushindwa kushika. Imeshika mno, ikaondoka na ukuta.

Madhara hayaishii hapo. Ukuta usiokauka huozesha vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ndani yake, na sakafu nzima ya juu imelalia vichwa hivyo. Anayemwaga mkanda wa zege wenye nondo ili "kuimarisha" anaingiza chuma kwenye chumvi. Nondo ikishika kutu hunenepa na kupasua kila kilichoizunguka. Na dawa ya kuzuia maji ni kosa lile lile kwa bei kubwa zaidi.

Msinitajie Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Jengo lililodhoofika kwa miaka mingi huanguka, liwe la chokaa au la zege. Ukitaka kujua chokaa inadumu kiasi gani, nenda Kilwa Kisiwani ukautazame Msikiti Mkuu, uliopanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, na kuta zake zilizosimama hadi leo. Saruji ya Portland ilipata hataza mwaka 1824 tu.

Haya, la kufanya. Kwanza ziba maji yanayotoka juu: mfereji wa bati uliotoboka, bomba la choo linalovuja, kiyoyozi kinachodondokea ukutani. Ondoa saruji kwa nyundo ndogo na patasi, si kwa mashine. Acha ukuta ukauke kaskazi nzima, ukiufagia chumvi kila inapochomoza. Nunua chokaa ya mfuko iliyo mpya, maana ya zamani hufa humo humo mfukoni. Iloweke kabla ya kuitumia. Usichote mchanga wa pwani, una chumvi. Paka tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, na uzifunike kwa magunia mabichi zisikaushwe na jua. Juu yake paka chokaa, si rangi ya mafuta.

Umeme, bafu na intaneti weka. Nyaya zipite nje ya ukuta, bafu la juu likae juu ya bafu la chini, na mabomba yaonekane ili yakivuja ujue siku hiyo hiyo. Kibali omba mapema kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ukijenga nyumba mpya ya matofali Fuoni, tumia saruji upendavyo, sina neno.

Gharama? Chokaa inataka muda na fundi anayeijua, nao wamebaki wachache. Lakini jumlisha plasta zote ulizokwisha kupiga, ndipo uniambie ipi ghali. Na fundi akikwambia achanganye saruji "kidogo tu" kwenye chokaa ili ikaze haraka, mlipe ya siku hiyo, mtafute mwingine.