Mapatano ya Mataifa juu ya Simu na Radio

Wasikilizaji wetu, mtu wa Tanga akitaka kusema kwa simu na ndugu yake aliyeko Muscat, hutanguliza namba 968. Ndugu yule naye akitaka kumwita mwenzake wa Tanga, hutanguliza 255. Kenya ni 254, Uganda 256, Burundi 257, Rwanda 250. Namba hizi tumezizoea hata hatuulizi zilitoka wapi. Je, ni nani aliyezigawa? Kwa nini nchi mbili hazikujichagulia namba moja, zikagombana? Na kwa nini namba za jirani zetu zote zaanza na 2, ilhali ya Oman yaanza na 9?

Jibu ni kwamba mataifa yalikutana, yakapatana. Katika miaka ya 1960 dunia iligawanywa mafungu: Afrika ikapewa namba zianzazo na 2, na nchi nyingi za Asia ya magharibi na kusini zikapewa zianzazo na 9. Bila ya mapatano hayo mitambo ya simu isingejua impeleke mtu wapi.

Leo twataka kuwaelezeni jinsi mapatano ya namna hiyo yafanywavyo, na kwa nini yamhusu hata mtu akaaye kijijini mbali na mji. Neno kubwa ni hili: katika baraza la mataifa, nchi husikiwa kwa kadiri ilivyopatana kwanza nyumbani kwake na kwa jirani zake.

Mwanzo wa mapatano

Katikati ya karne ya 19 simu ya maandishi, ile ipigwayo kwa waya, ilienea upesi katika Ulaya. Lakini kila dola ilikuwa na waya wake, na bei zake, na sheria zake. Waya ulipofika mpakani ulikoma. Huko Strasbourg makarani wa Ufaransa na makarani wa Baden, dola moja ya Kijerumani, walikaa katika ofisi moja. Mmoja alipokea habari, akaiandika katika karatasi, akampa mwenzake juu ya meza. Yule wa pili akaigeuza kwa lugha yake, kisha akaipiga upya katika waya wa kwao. Habari iliyopita katika nchi nne ilicheleweshwa na kuharibiwa mara nne.

Basi tarehe 17 Mei mwaka 1865 wajumbe wa dola 20 walitia sahihi mkataba mjini Paris. Walikubali alama za Morse ziwe alama za wote, hesabu za malipo zifanywe kwa fedha ya aina moja, na siri ya habari ilindwe. Hapo ndipo ulipozaliwa umoja ambao leo twaujua kwa herufi ITU, yaani Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Mwaka 1879 waya uliolazwa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na pwani yetu ikaunganishwa na nchi za mbali.

Mawimbi hayana mpaka

Waya waweza kukomeshwa mpakani, lakini wimbi la radio halimwulizi mtu ruhusa. Mwaka 1902 Prince Heinrich, ndugu yake mfalme wa Ujerumani, alikuwa melini akirudi kutoka Marekani. Akataka kumpelekea Rais Roosevelt salamu za shukrani kwa simu ya upepo. Kituo cha pwani kilikataa kuipokea habari yake, kwa kuwa mtambo wa meli ulikuwa wa aina nyingine, usio wa kampuni ya kituo kile. Mwaka uliofuata dola 9 zikakutana Berlin kushauriana. Na mwaka 1906 dola 29, katika mji ule ule, zikaagana kwamba kituo cha pwani kisiikatae habari ya meli kwa sababu ya aina ya mtambo wake. Katika mkutano huo pia alama ya SOS ilikubaliwa kuwa kilio cha meli iliyo hatarini.

Hata hivyo kilio hakifai kitu kama hakuna asikilizaye. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili mwaka 1912 meli ya Titanic ilizama, wakafa watu wapatao 1,500. Ilikuwako meli nyingine karibu, jina lake Californian, lakini mpiga simu wake alikuwa amekwisha kufunga mtambo na kulala. Miezi michache baadaye mataifa yalikutana London, yakapatana juu ya wimbi moja la vilio vya hatari, na juu ya nyakati maalumu ambapo meli zote hunyamaza na kusikiliza. Hapo twaona kwamba maneno ya mikutano, ambayo mtu aweza kuyadhani kuwa ni ya karatasi tu, ni maisha ya watu.

Na tueleze kidogo habari za mawimbi. Kila wimbi lina namba yake, nayo ni hesabu ya mara ngapi latetema katika sekunde moja. Likitetema mara milioni moja, twasema ni megahezi moja. Namba hizo huitwa masafa. Vituo viwili vikitumia masafa mamoja karibu karibu, hakuna kitakachosikika vema. Ni kama ngoma mbili katika uwanja mmoja. Kituo cha Kigoma chaweza kukiharibia kituo cha Burundi au cha Congo, ng'ambo ya Ziwa, bila ya nia mbaya yo yote. Kwa hiyo mwaka 1927, katika mkutano wa Washington, nchi 80 zilipatana kugawa masafa kwa kazi zake: haya ya meli, haya ya ndege, haya ya kutangaza habari, na kadhalika.

Baraza la leo

Shirika la ITU liliingia chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 1947, na makao yake ni Geneva. Leo lina nchi 194. Kila miaka minne wajumbe wa nchi zote hufanya mkutano mkuu wa kuchagua viongozi na kupanga kazi. Mkutano mkuu huo ulikutana Nairobi mwaka 1982, na huko nchi zilizo changa ziliuliza swali zito: yafaa nini kupanga mambo ya simu za dunia ikiwa watu wengi wa dunia hawana simu? Tume ikaundwa, mwenyekiti wake Sir Donald Maitland. Taarifa yake ilionyesha kwamba simu zilizokuwamo katika mji mmoja wa Tokyo zilikuwa nyingi kuliko simu zote za bara la Afrika. Mwaka 1985 mkutano wa dunia ulifanywa Arusha kuzungumza jambo hilo. Tangu hapo maendeleo ya nchi zisizo na simu yamekuwa kazi ya shirika lile, pamoja na kazi ya masafa na ya kusawazisha mitambo.

Mbali na mkutano mkuu, kuna Mkutano wa Dunia wa Radio, nao hufanywa kila baada ya miaka mitatu au minne, kwa muda wa majuma manne. Mwaka 2019 ulifanywa Sharm el-Sheikh nchini Misri, na mwaka 2023 ulifanywa Dubai. Mkutano huu ndio uwezao kubadili sheria za masafa, na sheria hizo ni mkataba baina ya dola. Kila nchi ina kura moja, iwe kubwa au ndogo. Lakini kwa desturi kura hazipigwi. Hushauriana mpaka wakubaliane.

Jinsi nchi zijitayarishavyo

Msikilizaji aweza kusema: ikiwa kila nchi ina kura moja, basi Burundi ni sawa na Marekani. Kwa sheria ndivyo. Lakini mkutano huo una watu zaidi ya 3,000, na mambo huzungumzwa katika vyumba vingi kwa saa ile ile. Nchi kubwa yaweza kumweka mjumbe katika kila chumba. Nchi yenye wajumbe watano haiwezi. Asiyekuwamo chumbani haulizwi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa sababu hiyo matayarisho huanza miaka kadha kabla ya mkutano, nayo hupanda kama ngazi.

Daraja ya kwanza ni nyumbani. Tanzania mwenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Na Kenya vile vile ina mamlaka yake. Hao huwaita wenye kampuni za simu, wenye vituo vya radio na televisheni, watu wa ndege, wa meli, wa hali ya hewa, na wa majeshi. Kila mmoja huja na haja yake, na mara nyingi haja hizo hugongana. Mwenye simu ataka masafa zaidi. Mwenye televisheni hataki kunyang'anywa. Mtu wa hali ya hewa aogopa mitambo yake ya kutazama mvua isiharibiwe. Nchi isiyomaliza ugomvi huo nyumbani huenda ikapeleka wajumbe wawili wasemao maneno mawili.

Daraja ya pili ni jirani. Nchi za Afrika Mashariki zina Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki, na makao yake ni Kigali. Daraja ya tatu ni bara zima. Umoja wa Mawasiliano wa Afrika, wenye makao Nairobi, huwakusanya wajumbe wa Afrika mara kadha kabla ya mkutano wa dunia. Hapo kila jambo hupewa mtu wa kulifuatia. Wajumbe huchagua yapi ni ya kushikwa sana na yapi yaweza kuachwa. Kisha huandika maombi ya pamoja kwa jina la Afrika. Hivi mjumbe wa nchi moja aketi chumba hiki akisema kwa niaba ya wote, na wa nchi nyingine aketi chumba kile.

Duniani yako makundi sita ya namna hiyo: la Afrika, la Waarabu, la Ulaya, la Amerika, la Asia na Pasifiki, na la Urusi na jirani zake. Makundi hayo hutembeleana kabla ya mkutano, kila moja likijua mapema mwenzake ataka nini.

Mfano mmoja

Tutoe mfano tuone faida yake. Mawimbi ya masafa ya chini huenda mbali, na hupenya kuta vema kuliko ya masafa ya juu. Mnara mmoja wa masafa ya megahezi 700 waweza kuhudumia vijiji vingi, na kwa nchi pana yenye watu waliotawanyika jambo hilo ni akiba kubwa ya fedha. Lakini masafa hayo yalikuwa ya televisheni.

Mwaka 2006 nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikutana Geneva kupanga televisheni ya kidijitali, ambayo katika nafasi ya kituo kimoja cha zamani huingiza vituo kadha. Nafasi ikapatikana. Katika Mkutano wa Dunia wa Radio wa mwaka 2012, nchi za Afrika na za Kiarabu zilisimama pamoja, zikaomba masafa ya megahezi 694 mpaka 790 yaruhusiwe kwa simu za mkononi. Nchi za Ulaya hazikuwa tayari, maana televisheni zao nyingi zilikuwa humo. Mashauri yakawa marefu. Mwisho ombi likakubaliwa, kwa sharti kwamba lianze baada ya mkutano wa 2015, ili mambo ya kiufundi yasawazishwe kwanza. Na ndivyo ilivyokuwa.

Nchi moja ingeliomba hayo peke yake, yamkini isingelisikiwa. Na tena kukubaliwa kulikuwa mwanzo tu. Mkutano huruhusu, kutenda ni juu ya kila nchi. Dar es Salaam ilizima mitambo ya televisheni ya zamani tarehe 31 Desemba mwaka 2012, na watu wengi walilazimika kununua ving'amuzi. Mwaka 2018 Tanzania ikanadi sehemu ya masafa ya megahezi 700 kwa kampuni za simu.

Upungufu wa mapatano

Haifai kudhani kwamba mapatano haya hayana kasoro. Shirika la mataifa halina polisi. Nchi ikikusudia kuharibu matangazo ya mwingine, hakuna askari atakayekwenda kuikamata. Kinachoyashika mapatano ni kwamba kila mmoja ayahitaji: leo wewe wamharibia jirani, kesho naye atakuharibia. Tena, masafa yakiruhusiwa, hayaufikishi mnara kijijini yenyewe. Kampuni hutazama faida, na ikiwa serikali haikuweka sharti katika leseni, mnara utajengwa mjini kwanza, na kijiji kitangoja.

Basi jambo hili si la wataalamu peke yao. Daraja ya kwanza ya ngazi tuliyoitaja ni nyumbani, na hapo ndipo haja ya mwananchi iwezapo kuingia. Mamlaka hutangaza mipango yao na kuuliza maoni ya watu kabla ya kukata shauri. Mvuvi asiyepata habari za dhoruba, mwalimu ambaye simu yake haishiki shuleni, muuguzi asiyeweza kuita gari usiku: hao waliseme hilo kwa viongozi wao, na kwa mamlaka, kwa maandishi yaliyo wazi, wakitaja mahali na saa. Nanyi wanafunzi mpendao hesabu na elimu ya umeme, kumbukeni kwamba vyumba vile vya mkutano vyahitaji watu wajuao masafa na wajuao pia haja ya kijiji. Mjumbe huweza kuitetea haja aliyoambiwa; ile isiyosemwa nyumbani haitasikika Nairobi wala Geneva.