Kabla Hujamwacha Mwanao Islii

Likizo ndefu za Ulaya na Marekani zikikaribia, maswali huanza kumiminika: kituo gani cha dhaqan celis, yaani cha kumrejesha kijana kwenye utamaduni wa Kisomali, ni kizuri pale Islii, Nairobi? Wazazi wanauliza ada, chakula, na kama ustadhi ni mkali. Ni nadra kuulizwa mtoto atakaa Kenya kwa karatasi gani, au kama yeye mwenyewe ameambiwa anakokwenda. Hapo ndipo watu wananaswa.

Mtoto mwenye pasipoti ya kigeni anayeingia kwa kibali cha kielektroniki kilichoanza Januari 2024 ni mgeni wa matembezi, na matembezi hayo yana mwisho wa siku 90. Kusoma kunahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji, na pasi hiyo huombwa kwa barua ya shule iliyosajiliwa. Fleti ya ghorofa ya nne juu ya maduka ya vitambaa, yenye magodoro chini na kufuli la nje, si shule. Haina barua ya kukupa. Mwezi wa nne ukiingia, kijana yuko nchini kinyume cha sheria bila kosa lake, na pasipoti imefungiwa kwenye droo ya mwenye kituo.

Wengine hujiona wamesalimika kwa kuwa mzazi mmoja ni Mkenya, hivyo kwa Katiba ya 2010 mtoto naye ni Mkenya wa kuzaliwa, hata kama kazaliwa London. Ni kweli, pasi hahitaji. Lakini wajue kwamba balozi nyingi huwa na mkono mfupi kwa raia wao aliye katika nchi yake ya pili.

Kwa nini wazazi wanafika huko tunaelewa. Magenge yapo, dawa za kulevya zipo, na hofu ya kumzika mwana ugenini si ya kubuni. Lakini mtoto anayedanganywa kwamba anakwenda harusini, kisha akafungiwa mlango, hajifunzi dini wala adabu. Anajifunza kutomwamini mama yake. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maoni yake yasikilizwe kulingana na umri wake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imepiga marufuku viboko. Adhabu ni faini hadi shilingi 100,000, kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Aliyefika miaka 18 ni mtu mzima, na kumfungia ni jinai hata kama aliyelipa ada ni babake mzazi. Denmark nayo ilitunga sheria mwaka 2019: mzazi anayempeleka mtoto ng'ambo katika mazingira ya kuhatarisha afya au makuzi yake anaweza kufungwa hadi miaka minne.

Sheria zipo, basi. Ukizifuata maofisini ndipo utachoka. Wa elimu atakwambia hiyo si shule, nenda kwa watoto. Wa watoto atauliza umri, akisikia 18 atakurudisha polisi. Polisi watasema ni mambo ya kifamilia. Huku kijana yuko ndani! Tangu lini kufuli likawa jambo la kifamilia?

Kwa hiyo, zungumza na mtoto kabla ya kukata tiketi, na akikataa, msikilize sababu zake. Kama tatizo ni uraibu, uliza kama kituo kina idhini ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Kama unaambiwa ni makao ya watoto yaliyosajiliwa juzi, kumbuka Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya Novemba 2017. Pasipoti ibaki kwa shangazi au mjomba, kamwe isiwe kwa kituo. Na ukiongea naye simu ikiwa kwenye spika, mwenye kituo pembeni, hujaongea naye.

Aliye na mtoto ndani sasa na hapati kumsikia, asitume ada ya mwezi mwingine. Amwombe ndugu aliye Nairobi apige 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, na siku hiyo hiyo auandikie ubalozi, akitaja namba ya pasipoti, jina la mtaa na ghorofa.