Udongo wa Kabanga Upimwe Mapema

Utafiti wa nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, ulianza mwaka 1976 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, ambamo ina hisa asilimia 16, na Oktoba mwaka huo leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa. Miaka yote hiyo fedha zilimwagwa kuujua mwamba ulio chini kabisa. Mimi nauliza kuhusu sentimita 20 za juu, zinazootesha migomba na maharage: nani alipie vipimo vyake, na majibu yakae kwa nani?

Nikeli ya Kabanga imo ndani ya mwamba wenye chuma na salfa kwa wingi. Ukiwa chini, mbali na hewa, mwamba huo hauna neno. Ukishavunjwa na kurundikwa juu ya ardhi, hewa na maji ya mvua huigeuza salfa kuwa asidi, nayo asidi huyeyusha nikeli, shaba na kobalti na kuziingiza kwenye vijito. Mto Ruvubu, unaopita wilayani humo, hukutana na Kagera pale Rusumo, na Kagera humwaga maji Ziwa Victoria. Rundo lisilofunikwa vizuri laweza kuvuja miongo mingi baada ya mgodi kufungwa.

Ugumu ni kujua nikeli iliyo shambani imetoka wapi. Ardhi iliyo juu ya miamba ya nikeli huweza kuwa na nikeli nyingi kwa asili yake. Kwingine duniani hupita miligramu 1,000 kwa kilo ya udongo. Mkulima akilalamika miaka 15 ijayo, mwekezaji atasema ilikuwapo tangu zamani, na huenda akawa mkweli. Bila kipimo cha awali, ni vigumu mno kuamua kwa haki. Maji ya mgodi wa North Mara yalipovujia Mto Tigithe mwaka 2009, mabishano kuhusu vipimo yalidumu muda mrefu kuliko subira ya wanavijiji.

Kupima kwenyewe hakuna miujiza. Udongo huchotwa sehemu kadhaa za shamba, huchanganywa, hukaushwa na kuchekechwa. Kifaa cha eksirei cha mkononi hutoa makadirio kwa dakika chache; sampuli zenye mashaka hupelekwa maabara. Nusu ya kila sampuli ihifadhiwe ikiwa kavu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kina sampuli za tangu 1843, na bado zinatumika.

Tathmini ya athari kwa mazingira hulipiwa na mwekezaji mwenyewe. Sisemi wataalamu wake hudanganya; nasema kijiji kinahitaji vipimo vyake. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2002, hutoa ruzuku kwa miji na jamii ndogo ili zipime ardhi inayoshukiwa. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo ilianzisha mfuko wa taifa wa mazingira. Na kuchelewa kuna bei: Julai 2020 mahakama ya Kenya iliamuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi, walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Madiwani wa Ngara, na wa Biharamulo penye dhahabu na zebaki, tengeni fungu la vipimo hivyo kwenye bajeti ijayo. Nawe mwanakijiji, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, dai majibu yabandikwe ubaoni.