Saratani ya utumbo: kinachoisambaza si kisu

Tangu tuandike kuhusu saratani ya utumbo mpana, swali moja limerudi kuliko yote: eti ni kweli ikiguswa na kisu ndipo inasambaa? Msomaji mmoja anasema baba yake amekataa kabisa operesheni kwa sababu jirani yao alipasuliwa, na mwaka haukuisha wakamzika.

Huyo jirani, kwa maelezo niliyoletewa, alitokwa na damu chooni miaka miwili huku akinywa dawa za bawasiri. Alipolazwa kwenye meza ya upasuaji, ini lilikuwa limeshavamiwa. Sasa saratani ilifikaje huko kabla hajaguswa na mtu?

Kivimbe cha saratani cha milimita 1 au 2 huishi kwa oksijeni inayopenya kutoka kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) zilizo karibu. Kikizidi hapo, seli za katikati zinakosa hewa. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa Boston, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe hauwezi kukua bila kujioteshea mishipa yake ya damu, na kwa miaka mingi wenzake walimtilia shaka. Leo tunajua jinsi uvimbe unavyoiita mishipa hiyo. Seli zetu hutengeneza protini iitwayo HIF, ambayo oksijeni ikiwepo huvunjwa muda si mrefu. Oksijeni ikipungua, HIF inasalimika, inaingia kwenye kiini na kuamuru itengenezwe protini nyingine, VEGF. (Waliofumbua jinsi seli zinavyohisi oksijeni walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019.) VEGF inaelea hadi kwenye mshipa wa karibu. Seli zilizotandikwa ndani ya mshipa huo zinalegea, moja inachomoza kama chipukizi na kuufuata mwito, nyingine zinaandamana nyuma yake, kisha chipukizi linafunguka ndani na kuwa mrija.

Kidonda nacho huita mishipa hivyohivyo, ila kikipona kinanyamaza. Saratani hainyamazi. Ndiyo maana mishipa yake ni kazi ya kulipua: imepindapinda, mingine haina pa kutokea, kuta zake zina mianya na zinavuja. Seli za saratani hupenya humo humo na kuondoka na damu. Na damu ya utumbo hairudi moja kwa moja kwenye moyo, hupita kwanza kwenye ini ikiwa imebeba chakula kilichosharabiwa. Ini ndilo kituo cha kwanza. Uvimbe ulio chini kabisa, karibu na njia ya haja kubwa, una njia nyingine inayolikwepa ini, hivyo unaweza kuibukia kwenye mapafu. Njia ya limfu ipo pia. Zote hizi ziko wazi miezi na miaka kabla daktari hajashika kisu.

Dawa ya kuizima VEGF ipo. Avastin iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, baada ya utafiti kuonyesha kuwa wagonjwa ambao saratani ilikuwa imeshasambaa waliishi kwa wastani miezi 20.3 walipoongezewa dawa hiyo, dhidi ya 15.6 kwa kemotherapi peke yake. Miezi hiyo ina thamani, lakini si kupona.

Kisha wako wanaouza vidonge vya gegedu la papa, wakidai papa haugui saratani. Anaugua! Gegedu lina vitu vinavyozuia mishipa kuota, ni kweli, lakini lilipojaribiwa kwa wagonjwa halikuwasaidia. Anayemuuzia mgonjwa kopo hilo, au chupa ya "kusafisha damu", anamuuzia muda wa mishipa kuota. Sina neno la upole kwa watu hao.

Damu kwenye kinyesi isiitwe bawasiri hadi daktari apime. Choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda, upungufu wa damu usio na sababu: nenda. Kipimo cha kamera huona vinyama vya utumbo na kuving'oa humo humo, na huchukua takriban miaka kumi kwa kinyama kugeuka saratani. Kama kuna mgonjwa katika ukoo, usingoje dalili.

Na wewe mwenye baba aliyekataa: mwombe daktari akuonyesheni wote wawili picha za CT za ini na mapafu. Kama ni safi, mkalishe mzee, msome haya pamoja, kisha umpeleke wiki hii.