Mathe Pia Anahitaji Mbogi: Vile Matembezi ya Kikundi ya Wazee Hufanya Kazi na Vile Unaeza Anzisha Moja Mtaani

Kama buda yako ana presha na dawa zake zinakaa juu ya friji karibu na chaja yako, hii maneno inakuhusu. Kama shosho ametolewa ushago akaletwa kukaa na nyinyi kwa ghorofa ya nne ndio awe karibu na klinika, inakuhusu hata zaidi.

Tunajua vile huenda. Mzazi anaanguka, grupu ya WhatsApp ya familia inabadilishwa jina, paybill inatumwa, na wewe mwenye umepata kazi juzi unaitishwa mchango wa thao tano. Siwezi kuahidi kwamba kutembea kutazuia hayo yote. Lakini kuna kitu rahisi, karibu ya bure, yenye madaktari wanaiamini na wazee wakishaizoea wanaipenda: matembezi ya kikundi.

Ni nini hasa?

Watu wazima, wengi wao miaka sitini kwenda juu, wanakutana mahali pamoja, siku ile ile, saa ile ile, kila wiki. Wanatembea dakika thelathini hadi saa moja kwa mwendo wa kawaida, wakiwa na kiongozi anayejua njia. Hakuna mashindano wala medali, na huhitaji kuwa mwanachama wa gym. Wakimaliza wanakunywa chai, wanapiga stori, kila mtu anarudi kwake.

Nchi zingine zimeifanya mpango rasmi kitambo. Uingereza, miaka ya 1990, daktari mmoja wa mashambani Oxfordshire anaitwa William Bird alianza kuwaandalia wagonjwa wake matembezi badala ya kuwaambia tu "fanya mazoezi". Wazo hilo likasambaa nchi nzima. Marekani, mwaka wa 2005, daktari wa moyo David Sabgir wa Columbus, Ohio, alichoka kutoa ushauri wenye haufuatwi. Akawaalika wagonjwa watembee na yeye parkini Jumamosi asubuhi. Zaidi ya watu mia moja walitokea. Huo mpango sasa unaitwa Walk with a Doc na uko nchi nyingi.

Cheki kitu kimoja hapo: wale wagonjwa walikuwa wameambiwa watembee miaka mingi na hawakufanya. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alikuwa anawangoja.

Mbona wazee wa town ndio wako na shida zaidi?

Fikiria maisha ya guka akiwa ushago. Anaenda shamba, anafuata ng'ombe, anatembea hadi kanisa, anapitia kwa jirani. Hahesabu hatua lakini anazimaliza. Sasa mlete Umoja ama Pipeline. Ngazi zinamtisha, nje kuna nduthi zinapita juu ya njia ya miguu, hajui mtu. Anabaki kwa kiti akitazama runinga kutoka asubuhi hadi habari za usiku.

Mathe wa town naye ana shida yake. Akifanya kazi ya serikali anastaafu na miaka 60. Ile safari ya kila siku ya kutoka nyumbani hadi steji, kushuka town, kupanda ngazi za ofisi, inaisha siku moja. Hakuna mtu huiita mazoezi lakini ilikuwa mazoezi. Na wale watu alikuwa anabonga nao kila lunch pia wanaisha siku hiyo hiyo.

Kulingana na sensa ya 2019, Wakenya wenye miaka 60 na zaidi ni karibu milioni 2.7. Utafiti wa kitaifa wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha haiumi. Mtu anakaa nayo miaka kadhaa akijisikia fiti, halafu kiharusi kinamkuta akiwa kwa sinki akiosha vyombo.

Sayansi inasema nini?

Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, walikusanya tafiti 42 za vikundi vya kutembea kutoka nchi mbalimbali, jumla ya watu 1,843. Presha ya watu ilishuka kwa wastani wa pointi 3 hadi 4, mapigo ya moyo wakiwa wamepumzika yalipungua, mafuta mwilini yalipungua, na dalili za msongo wa mawazo pia. Na karibu hakuna aliyeumia.

Pointi 3 zinaonekana kidogo, na haziwezi kuchukua nafasi ya tembe. Mzazi asiwache dawa juu ameanza kutembea. Hiyo ni stori ya daktari wake. Lakini ukiweka hizo pointi juu ya dawa, chumvi kidogo na usingizi mzuri, zinasaidia.

Halafu kuna hii ya hatua elfu kumi. Hiyo namba ilianza kama tangazo. Mwaka wa 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kikaitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na dunia ikaifanya sheria. Mwaka wa 2019 watafiti wakiongozwa na I-Min Lee wa Harvard walifuata wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa umri miaka 72. Wale waliotembea karibu hatua 4,400 kwa siku walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa ndani ya miaka hiyo ya utafiti kuliko wale wa 2,700. Faida iliongezeka hadi karibu 7,500, halafu ikatulia. Kwa hivyo usimpigie shosho kelele na simu yako ya kuhesabu hatua. Akiongeza elfu moja ama mbili juu ya zile anafanya saa hii, ameshinda.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Na tangu 2020 limesema wazi kwamba hata dakika chache chache zinahesabika. Kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya usawa na nguvu siku tatu kwa wiki, ndio wasianguke. Hiyo unaifanya hapo hapo kwa matembezi: kusimama na mguu mmoja ukishikilia mti, ama kuketi na kusimama kwa benchi mara kumi bila kutumia mikono.

Mbona kikundi? Si atembee tu pekee yake?

Anaweza. Swali ni kama ataendelea wiki ya nne, Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imeshika. Kwa kikundi akikosa anapigiwa simu: "Mama nani, leo umetupotea?" Hiyo simu inafanya kazi kuliko apu yoyote.

Kuna usalama pia. Mzee akitembea peke yake na simu mkononi anaonekana rahisi. Wazee kumi na wawili wakiwa pamoja, hata nduthi hupunguza mwendo. Na kuna upweke. Mzazi hawezi kukuambia "nimeboeka na niko mpweke". Atakuambia mgongo unauma.

Kama unadhani wazee wetu hawawezi mambo ya mazoezi ya kikundi, kumbuka shosho wa Korogocho wenye wamekuwa wakijifunza taekwondo kujikinga na wavamizi. Kutembea ni kitu ndogo kwao.

Siku ya matembezi huenda hivi

Ichukulie kama mathree. Mbele kuna dere: anajua njia na anashika mwendo. Nyuma kuna konda: anahakikisha hakuna abiria ameachwa. Konda hapiti mtu yeyote, hata kama huyo wa mwisho anatembea pole aje. Sheria ni kwamba mwendo unafuata wa pole zaidi, ama mnagawanyika makundi mawili.

Dakika tano za kwanza ni pole pole, mwili upate joto. Katikati mwendo unapanda kidogo. Kipimo ni mdomo: kama anaweza kubonga lakini hawezi kuimba, hapo ndio sawa. Akiimba wimbo mzima wa kanisa, aongeze. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Dakika tano za mwisho mnarudi pole pole.

Mtatembea wapi?

Karura iko na njia pana, vivuli, na hakuna magari. Arboretum ni ndogo na iko karibu na town, nzuri kwa wanaoanza. Zote mbili kuna ada ya kuingia, kwa hivyo ulizeni mapema na mpange nauli. City Park pale Parklands pia ina miti mingi.

Lakini ukweli ni kwamba mzee wa Kayole hataenda Karura kila wiki. Tafuteni uwanja wa shule, kiwanja cha kanisa ama msikiti, ama barabara ya ndani ya estate yenye haina shughuli. Wewe pita hiyo njia kwanza, na macho ya mtu wa miaka sabini. Mtaro uko wazi wapi? Ni wapi pa kuketi? Choo kiko wapi? Hiyo ya choo usiipuuze. Wengi wa wazee wanakunywa dawa zinazowapeleka haja ndogo mara kwa mara, na bila choo hawatatoka nyumbani, na hawatakuambia sababu.

Kuhusu saa, Nairobi jua linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Saa moja asubuhi kuna mwangaza, jua halijachoma, na magari ya wikendi ni machache.

Kabla atoke

Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, ama aliyefanyiwa upasuaji juzi aongee na daktari kwanza. Presha ipimwe. Anayetumia insulini ama baadhi ya tembe za sukari asitoke bila kula, na abebe kitu tamu mfukoni, maana sukari inaweza kushuka njiani.

Viatu ndio mambo. Raba yenye inashika chini, hata ya mtumba kutoka Gikomba, mradi isibane vidole na soli isiwe imeisha. Ndara hapana. Maji, kofia, na kijikaratasi chenye jina, dawa anazotumia na namba ya mtu wa familia.

Mtu akisema kifua kinabana, pumzi imekata, kizunguzungu, ama mdomo umeenda upande na mkono umekufa ganzi, matembezi yameisha hapo. Mketishe, mtu mmoja abaki naye, mwingine apige simu. Ambulensi ya Red Cross ni 1199. Usingoje "apumzike kidogo tuone".

Sasa form ya kuanzisha

Usianze na tisheti na nembo. Anza na chama. Mathe yako tayari ana kikundi: cha akina mama, jumuiya ya kanisa, wale wastaafu wa ofisi moja. Wanaaminiana na wana namba za simu. Kile unaongeza ni siku moja kwa wiki.

Tafuta watu watano. Chagueni siku moja na msiibadilishe, juu ikianza kuhamahama inakufa. Wiki mbili za kwanza tembeeni dakika ishirini tu, hata kama wanasema bado wana nguvu. Mtu akiumwa na miguu siku tatu, harudi. Wiki ya tatu ongezeni dakika tano.

Kama kuna mhudumu wa afya ya jamii mtaani kwenu, mwalike na mashine ya presha mara moja kwa mwezi. Andikeni namba za kila mtu kwa kitabu. Wazee hupenda kuona namba zikishuka, na wataanza kushindana kimya kimya.

Kazi yako kama kijana ni ndogo: kuwa konda. Wewe ndio una macho ya kuona mtaro, simu yenye chaji, na miguu ya kukimbia kutafuta usaidizi. Usiwe ule wa kutembea mbele na earphone. Pia usiwachukue video kuweka TikTok bila kuwaomba ruhusa. Shosho ana heshima yake.

"Nimechoka, magoti yananiuma"

Utaskia hiyo, na mara nyingi ni ukweli. Kwa maumivu ya kawaida ya magoti ya uzee, kutembea polepole kwa njia tambarare husaidia kuliko kukaa tu, kwa sababu misuli inayoshikilia goti inapata nguvu. Goti likiwa limevimba na lina joto, hapo aende hospitali kwanza.

Ukimwambia buda "unafaa kufanya mazoezi", atakuangalia vile alikuangalia ukiuliza pesa ya trip. Jaribu hivi: "Baba, Jumamosi saa moja nisindikize hapo kwa uwanja, kuna wazee wenzako watakuwa huko." Ukimwomba akusindikize wewe, hiyo anaielewa. Akifika akapata rika lake, wakaanza kubishana siasa za 1992, wiki inayofuata yeye ndiye atakuamsha.